Nirudishie Ubovu wa Gari Langu

Kwa Mkuu wa Gereji,
Nyuma ya Kiwanda cha Magodoro.

Ndugu Mama Spana,

YAH: GARI LANGU KUTENGENEZWA LIKAPONA

Salamu nyingi kutoka kwa mteja wako, yule mtengeneza miwani mwenye gari jeusi la kifahari la zamani, lile lililoletwa kwako likivutwa kwa kamba na lori la mchanga. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, chini ya gari la mtu mwingine. Mimi mwili hauna neno. Iliyoumia ni nyumba yangu, na aliyeiumiza, nasema kwa masikitiko, ni wewe.

Najua hujazoea kulalamikiwa hivi. Wateja wako huja juu kwa sababu gari limerudi na mlio uleule, au limerudi na mlio mpya wa kuusindikiza ule wa zamani. Mimi nimekuja juu kwa sababu gari limerudi kimya. Linawaka kwa mguso mmoja. Linasimama wima kama askari wa gwaride. Milango yote inafunguka, tena kutoka ndani, na dashibodi iliyokuwa ikiwaka taa kama ukumbi wa harusi sasa ni nyeusi tii. Ulifanya kazi uliyolipwa kuifanya, na ukaifanya yote. Huo ndio msingi wa malalamiko yangu, na naomba uyasome hadi mwisho kabla hujaitumia karatasi hii kufutia grisi.

LALAMIKO LA KWANZA: Ulitengeneza gari bila kuuliza ubovu wake ulikuwa na kazi gani nyumbani kwangu.

Gari lile lilikuwa la mkurugenzi mmoja wa kampuni ya bima, mteja wangu wa miwani ya kusomea. Aliniuzia kwa bei ya gari dogo la mtumba, nami nikadhani amechanganyikiwa. Kumbe kati yetu wawili mwenye akili timamu alikuwa yeye. Alichoniambia ni kwamba gari "limechoka kidogo tu." Mimi nikaona viti vya ngozi, mbao halisi kwenye dashibodi, dirisha la paa, na katikati ya viti vya mbele friji ndogo ya kupozea soda. Nikajiuliza, mtu kama mimi, anayeshinda anasaga vioo na kukaza skrubu ndogo kuliko punje ya mchele, ni lini tena atapewa nafasi ya kumiliki friji inayotembea?

Nikalileta nyumbani. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu, alilizunguka mara moja, akapiga tairi teke dogo la heshima, akaniambia, "Kulinunua umeweza, mume wangu. Kulilea je?"

Juma halijaisha, gari likapiga magoti. Wewe unaijua sababu, lakini naieleza ili kumbukumbu zikae sawa: gari hili halikai juu ya springi za chuma kama magari ya wenzetu. Limebebwa na mifuko ya mpira iliyojazwa hewa, na pampu ndogo ya kuijaza. Mifuko ikizeeka inachanika nyufa nyembamba, hewa inatoroka. Unaegesha gari likiwa gari, unaamka unakuta limeinamisha pua kama linatafuta kitu lilichodondosha. Likiwashwa, pampu inaguna, inaguna, halafu upande mmoja unanyanyuka na mwingine unakataa. Nilikuwa nakwenda kazini nimeinama kama mtu anayesikiliza siri ya dereva wa gari la pembeni.

Baada ya magoti zikafuata taa. Baada ya taa ikafuata mvua, ambayo iliingia kupitia dirisha la paa na kumwagikia kichwani mwalimu mkuu wa mke wangu, aliyekuwa ameomba lifti kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Mlango wa nyuma kushoto ukajifunga moja kwa moja, na abiria wote wa nyuma wakawa wanaingilia upande mmoja wakijiburuza kwenye ngozi. Watu wengine mtaani walikuwa wananipa pole kama niliyefiwa.

Sasa hapa ndipo anapoingia Baba Mkwe, na hapa ndipo kosa lako linapoanza kuonekana.

Baba Mkwe ni karani mstaafu wa mahakama. Maisha yake yote alikaa chini ya hakimu, akiita mashauri na kuwaapisha mashahidi, na lugha ile ilimwingia, haikutoka tena. Alitaka binti yake aolewe na wakili. Akapata mtengeneza miwani. Hakuwahi kunitukana, hapana, ni mtu wa adabu. Alichofanya ni kuniita "huyu bwana", hata nikiwa nimekaa mbele yake. "Huyu bwana ameshakula?" angemuuliza binti yake, nami niko pale, kijiko mdomoni. Alikuja kwetu sikukuu kwa sikukuu, akakaa kwenye ncha ya kiti, kofia juu ya goti, akaondoka kabla chai haijapoa. Mama Mkwe alipofariki, hata zile sikukuu zikaanza kupungua. Akawa anashinda nyumbani kwake upande wa pili wa mji, yeye na redio. Mke wangu akimpigia simu alikuwa akijibu, "Mimi sijambo, nasikiliza taarifa." Taarifa ikiisha anasikiliza marudio yake.

Siku moja mke wangu, kwa kukosa la kumwambia, akamwambia gari limepiga magoti.

Jumamosi ile asubuhi tukaona teksi inasimama. Akashuka Baba Mkwe, shati jeupe, mikono imekunjwa. Hakuulizia chai.

"Nimesikia gari la huyu bwana limeanguka," akamwambia binti yake. "Nimekuja kusikiliza pande zote."

Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu ndoa yetu akanisemesha mimi mwenyewe.

"Unadai gari lilishuka. Ulilishuhudia likishuka?"

"Hapana, Baba. Niliamka nikalikuta limeshashuka."

"Kwa hiyo hukuona. Unajuaje halikushushwa?"

"Na nani, Baba?"

"Maswali nauliza mimi."

LALAMIKO LA PILI: Ulitupa vifaa ambavyo havikuwa takataka.

Mama Spana, Baba Mkwe kuhusu magari hajui lolote. Naomba hilo lieleweke. Alikuwa akiiita rejeta "birika." Mimi nami nilijua machache, yale ambayo mtu huyapata kwa kuangalia video za mafundi wa mbali wanaotengeneza kila kitu bila kuchafuka. Mfuko wangu ulikuwa mdogo na gari lilikuwa kubwa, kwa hiyo tukaamua kwamba gereji itakuwa hatua ya mwisho kabisa, kama rufaa.

Tulianza na uvujaji wa hewa. Nilichukua dukani ile chupa ya kunyunyizia ninayosafishia vioo, tukaijaza maji ya sabuni. Nikamwomba Baba anyunyizie mifuko ya hewa huku mimi nawasha pampu, kwa sababu palipo na tundu sabuni itatoa povu. Akapiga goti kwenye kipande cha boksi, akanyunyiza kwa uangalifu wa mtu anayepaka dawa jicho. Mara akapiga kelele, "Mapovu! Mapovu! Ushahidi huu hapa!" Dada wa saluni ya jirani akatoka mbio na mteja wake aliyesukwa nusu kichwa, wote wanauliza nani kaumia.

Tuliziba ufa ule kwa kiraka cha tyubu ya baiskeli. Kikadumu mpaka tulipomaliza kunawa mikono. Jumamosi iliyofuata tukabandika viraka viwili, na Baba akavipiga ngumi kuvikazia. Ile iliyofuata tukakubali kwamba mfuko wenyewe umefikia mwisho wa maisha yake, tukaenda yadi ya magari chakavu kutafuta mwingine uliotumika. Pale ndipo nilipoona mzee wangu akiwa kazini. Muuzaji alisema mfuko ule umetoka kwenye gari lililogongwa nyuma tu.

"Lilipogongwa ulikuwepo?" Baba akamuuliza.

"Sikuwepo, mzee, lakini..."

"Lakini unalieleza kama uliyekuwa umekaa ndani."

Muuzaji yule alitupunguzia bei, nadhani ili tuondoke. Tulirudi na mfuko wetu umefungwa kwenye gazeti, Baba ameupakata njia nzima kama keki.

Tuliufunga sisi wenyewe. Ilituchukua kutwa nzima, na bolti moja ikabaki, hatukujua ya wapi. Gari likasimama! Likakaa juu siku kadhaa, halafu likaanza kushuka upande mwingine, ule ambao ulikuwa mzima. Nilimtazama Baba kwa hofu. Yeye uso ulikuwa umenawiri.

"Mshtakiwa wa pili," akasema, "amejitokeza mwenyewe."

Basi ikawa hivyo, kila Jumamosi. Mifereji ya dirisha la paa ilikuwa imeziba kwa majani makavu. Nikaizibua kwa waya laini wa fremu ya miwani, Baba chini ameshika kikombe kuona maji yanatokea wapi. Yakatokea kwenye mkono wa shati lake. Mlango uliojifunga tuliutengenezea kamba iliyopita chini ya kiti, ukiivuta kutoka mbele unafunguka kwa kishindo, na Baba akawa ndiye afisa wa kamba. Bomba la plastiki la maji ya injini, lile lililo nyuma kabisa ambako mkono hauingii, lilipopata ufa tulilizungushia utepe hadi likafanana na mguu uliovunjika. Na ile taa ya injini iliyokuwa haizimiki, Baba aliibandikia kipande cha plasta nyeusi. "Shahidi huyu anajirudia," alisema.

Nilipolichukua gari kwako, kamba haikuwepo. Utepe haukuwepo. Plasta haikuwepo, wala waya wangu wa fremu niliouacha kwenye mfereji kwa matumizi ya baadaye. Nilimuuliza msaidizi wako akasema, "Ah, zile takataka tumetupa." Mama Spana, mtu akiingia sebuleni kwako akakuta picha ukutani, haitupi kwa sababu si tofali.

LALAMIKO LA TATU, ambalo ndilo kubwa: Umeninyang'anya mkwe.

Hili nitalieleza polepole.

Kuna Jumamosi moja vioo vya madirisha vilikataa kupanda. Nikamwambia Baba huenda ni fyuzi. Tukafungua kile kisanduku cha fyuzi chini ya usukani, na kwenye kifuniko chake kuna mchoro wenye herufi ndogo sana, kila fyuzi na jina lake. Nikamwomba Baba asome huku mimi nimelala kwa mgongo, tochi mdomoni. Nikamwona anakisogeza kifuniko karibu, anakipeleka mbali, anakigeuza kwenye mwanga. Miwani yake ilikuwa ya miaka mingi, mguu mmoja umefungwa uzi, na aliinunua kwa mwenzangu wa barabara ya juu. Kwangu hakuwahi kutia mguu.

"Herufi hizi zimechapwa vibaya," akasema.

Nilitoa tochi mdomoni. Ningeweza kusema mambo mengi, mimi ambaye kazi yangu ni hiyo. Nikasema, "Kweli, Baba. Hata mimi zinanisumbua. Twende dukani, nina kioo cha kukuzia."

Tukaenda. Kioo cha kukuzia kilikuwa mezani, lakini nikamwambia kwanza akae kile kiti cha kupimia apumzike mgongo. Akakaa. Nikazima taa. Chumba changu cha kupimia macho hakina dirisha, ukizima taa panabaki herufi ukutani tu. Nikamwekea fremu ya majaribio, nikaanza kubadilisha vioo.

"Hiki na hiki, kipi kinaonyesha vizuri zaidi?"

"Rudia swali."

Nikarudia. Akajibu. Tukaendelea hivyo, taratibu, jicho la kulia, jicho la kushoto. Nikafika kwenye kadi ya kusomea, nikampa mkononi kabla sijawasha taa. Alikaa nayo gizani.

"Mama yenu alikuwa ananisomea gazeti," akasema. "Nilimwambia siku hizi wanachapa vibaya. Alijua naongopa. Akawa anasoma tu, kila asubuhi, mpaka matangazo ya vifo."

Mikono yangu ilikuwa karibu na masikio yake, nimeshika fremu, nikaiacha palepale.

"Tangu aondoke sijasoma gazeti," akasema. Halafu akakohoa kama mahakama imerejea kutoka mapumziko. "Kile cha kwanza, mkwe. Kioo cha kwanza kilikuwa bora."

Umesoma hapo, Mama Spana? Mkwe. Nilimtengenezea miwani ile jioni hiyohiyo, na kila kioo nilikipima mara tatu kama mwanafunzi wa kazi.

Toka siku ile hakuja tena kwa teksi kusikiliza pande zote. Alikuja na gazeti kwapani na mkate. Alikuwa akisoma habari kwa sauti, mimi nikiwa chini ya gari, na kama habari ni ya mahakamani ananieleza hakimu alikosea wapi. Mke wangu alikuwa anaacha kusahihisha madaftari, anasimama dirishani anatusikiliza. Nilimkuta siku moja anafuta machozi, nikamuuliza kulikoni, akasema ni chaki. Jumamosi haina chaki.

Sasa linganisha hayo na kazi ya mikono yako.

Siku ile ya mtihani wa taifa, mke wangu msimamizi, lile bomba letu la utepe likapasuka barabarani. Mvuke ukatoka kwenye boneti kama jikoni kwa watu mia. Mke wangu alitembea hadi shuleni kwa viatu vya kisigino, akafika mlango unafungwa. Jioni alituweka chini wote wawili, mimi na baba yake.

"Nawapenda sana," akasema. "Lakini gari hili linapelekwa kwa mtu anayejua."

Hivyo ndivyo nilivyokuja kwako. Nilitegemea utafanya kama mafundi wengine: utatibu kimoja, uamshe kingine. Wewe ukabadilisha bomba, ukabadilisha mifuko yote ya hewa, ukafungua mlango, ukafuata kila taa hadi kwenye chanzo chake. Na hukunitoza cha kunifilisi, kwa hiyo hata hapo sina pa kukushika.

Jumamosi iliyofuata Baba alikuja na gazeti na mkate. Mikono ya shati imekunjwa.

"Washa," akasema. Nikawasha.

"Zima." Nikazima.

"Washa tena." Likawaka kama limesubiri kuambiwa.

Akafungua mlango wa nyuma kushoto. Ukafunguka. Akaufunga, akaufungua. Akachungulia chini, akatazama dashibodi iliyokuwa giza, akatafuta plasta yake kwa kidole.

"Basi," akasema, "hakuna kesi."

Alikunywa chai nusu kikombe akiwa kwenye ncha ya kiti. Gazeti alilisahau mezani. Jumamosi iliyofuata hakuja. Iliyofuata, hakuja. Mke wangu alipopiga simu, akajibu kwamba hajambo, anasikiliza taarifa.

Ninachohitimisha ni hiki, na sioni namna ya kukikwepa: Baba Mkwe alikuwa anafuata gari, hakuwa anatufuata sisi. Gari lilipougua tulipata baba. Lilipopona tukabaki na gari.

LALAMIKO LA NNE: Kazi yako haiharibiki.

Usidhani nimekimbilia kalamu bila kujaribu mwenyewe. Nilianza na njia za upole. Nililiegesha juani kutwa, madirisha yamefungwa. Halikujali. Nikapita kwa makusudi kwenye mashimo ya ile barabara ya machinjioni, yote, nikirudi nyuma kwa yale niliyoyakosa. Mifuko yako ikameza mashimo yote, nikahisi nimekaa kwenye mto. Nikafungua kisanduku cha fyuzi, nikachomoa moja niliyoamini ni ya pampu ya hewa. Pampu ikaendelea. Redio, ambayo tangu nilinunue gari haijawahi kushika stesheni yoyote, ikaanza kuimba. Nikachomoa waya wa honi; kumbe ndio uliokuwa ukikwaruza kwenye usukani, na sasa usukani umekuwa laini kuliko ulivyokuwa. Kila ninapogusa, linazidi kupona. Jana dada wa saluni ameniuliza kama ninatengeneza magari ya watu.

Nilifikiria pia kumpigia Baba nimdanganye kwamba limepiga magoti. Lakini huyo ni mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwaapisha waongo. Angeniuliza maswali mawili tu ningejishtaki mwenyewe.

OMBI

Kwa hayo yote naomba unirudishie ubovu wa gari langu, wote au sehemu. Sitaki mambo makubwa. Usiguse breki, usiguse usukani, na lile bomba la maji liache kama lilivyo kwa usalama wa viatu vya mke wangu. Nahitaji ugonjwa wa kudumu usioua. Uwe wa kutibiwa asubuhi na kurudi katikati ya juma. Uhitaji watu wawili, mmoja wao akiwa hajui lolote. Kama unaweza kupata mlio, nitashukuru zaidi, hasa ule ambao dereva anausikia upande wa kulia na abiria anaapa unatoka kushoto. Ubishi wa namna hiyo unaweza kutufikisha hadi mwaka ujao. Kama mfuko mmoja wa zamani wenye nyufa bado uko kwenye pipa lako, hata huo utatosha. Nitalipa kazi ya kuufunga, na nitalipa tena kama kawaida.

Endapo utaona ombi hili haliwezekani kitaalamu, basi naomba unitafutie gari jingine la aina hiyohiyo, chakavu zaidi, ambalo halijawahi kufika gerejini kwako, na uniahidi kwamba hata nikija nalo ninalia utanifungia geti.

Wasalimie mafundi wako wote, akiwemo yule aliyetupa kamba. Msalimie mumeo na wanao. Dada wa saluni anakusalimia, anasema gari lake la kubebea viti nalo linamwaga mafuta, akija nalo litibu lisipone kabisa. Mke wangu anakusalimia pia, yeye kwa shukrani tupu. Hajui kama naandika.

Nabaki kuwa mteja wako mwaminifu, aliyetendewa wema usiovumilika,

Mtengeneza Miwani.

NYONGEZA BAADA YA SAINI:

Barua hii ilikuwa mezani sebuleni leo, imekwisha, mimi natafuta bahasha, mlango ulipogongwa. Alikuwa Baba Mkwe. Gari halikuwepo, mke wangu amekwenda nalo kwenye kikao cha wazazi.

"Gari liko wapi?" akauliza.

"Limetoka na binti yako, Baba."

"Linarudi lini?"

"Jioni."

Akaitazama ile sehemu tupu ya kuegeshea. Akanitazama mimi. "Basi nitalisubiri," akasema, akaingia.

Nikaenda jikoni kuinjika maji. Niliporudi nilimkuta anaisoma barua hii, kalamu yangu mkononi. Hakuna mahali pa kujificha ndani ya nyumba yako mwenyewe, nilitafuta. Aliisoma hadi saini. Kisha akarudi nyuma, na ile sentensi ya kwamba alikuwa anafuata gari, ndiyo hiyo uliyoiona imekatwa mstari. Maneno ya pembeni ni mwandiko wake: "Haijathibitishwa."

"Nani amekwambia nilifuata gari?" akaniuliza.

"Lilipopona uliacha kuja, Baba."

"Sikupata wito," akasema. Akaizungusha kalamu vidoleni. "Gari likiwa bovu mtu anakuja, hakuna anayemuuliza amefuata nini. Limepona. Nije niseme nini mlangoni? Mtu haendi tu kwa watu."

"Sisi siyo watu, Baba."

"Hilo," akasema, "ndilo ungeliandika."

Kwa hiyo, Mama Spana, malalamiko yote yamefutwa na ombi limeondolewa. Tafadhali usivunje chochote. Ningeichana barua, lakini Baba anasema shauri likishafunguliwa lazima lifungwe kwa maandishi, na amelipa stempu yeye.

Tumekula mchana, tumebishana kuhusu hakimu mmoja wa zamani, na sasa amelala kwenye kochi, mkono chini ya shavu. Nimesikia gari linaingia, kimya kama ulivyolifundisha. Mke wangu amefungua mlango, ameona viatu vya baba yake kizingitini, naye amevua vyake polepole na kuviweka kando ya vile.